Mita Tatu za Mama Mdogo

Mama mdogo aliingia kwenye jukwaa la wananchi futikamba ikiwa bado inaning'inia shingoni. Askari wa mlangoni alikuwa amemwambia aache mwavuli, mkoba na chupa ya maji, lakini ule utepe wa kupimia nguo hakujua auweke kundi gani, akauacha upite. Nilimwona kutoka chini, kwenye meza ya waandishi wa kumbukumbu, nikatabasamu. Nilidhani amekuja kuniona nikiwa kazini.

Bunge letu ni la jimbo. Lile kubwa la taifa lina majeshi na mipaka yake. Letu lina mifereji, zahanati, masoko na stendi, yaani vitu vinavyokupokea ukishavuka kizingiti cha nyumba yako. Mimi huandika yanayosemwa humo. Wenzangu wananiita Muhtasari, kwa sababu hotuba ya saa nzima naiweka kwenye mistari minne na hakuna mjumbe aliyewahi kulalamika. Jina hilo lilinivimbisha kichwa, sikatai.

Asubuhi hiyo mswada wa stendi mpya ulikuwa umefika hatua ya mwisho. Stendi ingejengwa mtaani kwetu, kwenye uwanja unaotenganisha nyumba zetu na zahanati. Mwenyekiti wa Kamati ya Uchukuzi, mwamuzi wa zamani wa mpira ambaye hadi leo huzungumza kama mwenye filimbi mfukoni, alisimama kusoma ripoti ya maoni ya wananchi.

"Mheshimiwa Spika, walijitokeza watu sitini na watatu. Wote sitini na watatu waliunga mkono ramani kama ilivyo. Hakuna aliyepinga."

Wajumbe wakapiga meza kwa furaha. Nilipoinua macho, mama mdogo alikuwa amesimama. Aliyeko jukwaani haruhusiwi hata kukohoa kwa sauti. Hakuwa akimtazama Mwenyekiti. Alikuwa akinitazama mimi. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyenilea, na macho yake nayajua yote. Yale yalikuwa ya siku nilipomwambia nimefua sare ya shule, kumbe nimeikung'uta tu.

Kikao cha maoni kilifanyika wiki mbili nyuma, kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti alikuwa na kikao kingine siku hiyo, kwa hiyo alimwachia makamu wake, na ripoti aliijua kwa fomu yangu tu. Fomu yetu ina safu mbili: anayeunga mkono na anayepinga. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa mengineyo.

Mama mdogo ndiye aliyeanza kusema. "Stendi tunaitaka. Tumechoka kusubiria magari kwenye matope. Ila mkiziba kile kichochoro cha uwanjani, mgonjwa itabidi azunguke na barabara kuu dakika arobaini. Mume wangu alipitishwa pale juu ya machela akawahi, na leo anakoroma nyumbani mpaka majirani wanagonga ukuta. Tuachieni mita tatu. Machela, na mtu mmoja kila upande. Nimepima."

Ukumbi ulicheka, kisha waliomfuata wakarudia ombi lilelile, kila mmoja na mgonjwa wake. Mimi nikajiuliza swali moja tu: wanaitaka stendi au hawaitaki? Wanaitaka. Nikawatia wote safu ya kwanza, na kwenye ule mstari wa chini nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Masuala madogo ya njia.* Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijisifu kwamba sijatumia hata karatasi ya pili.

Sasa Spika alikuwa akiuliza kama yupo mjumbe mwingine wa kuchangia kabla hajalihoji Bunge lipige kura. Mjumbe wa kata yetu alikuwa kalazwa wiki nzima, na yule makamu alikuwa safarini. Hapakuwa na wa kutusemea. Nami mwandishi siruhusiwi kusema humo kama ambavyo mama mdogo haruhusiwi. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja nithibitishwe kazini. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikachana kipande cha karatasi, nikaandika: *Ripoti ina kosa. Wote walitaka njia ya mita tatu ibaki. Kosa ni langu. Sauti zao ninazo kwenye kinasa.*

Nilimpa Karani wa Bunge, mzee mkavu tunayemwita Kanuni. Alisoma mara mbili.

"Una hakika?" akanong'ona.

"Ninayo."

"Nikisimama na karatasi hii, na jina lako litasimama."

"Simama nayo, mzee."

Akasimama. Alimwinamia Spika sikioni, na Spika akaahirisha kikao kwa dakika kumi na tano.

Tulijifungia kwenye chumba cha nyuma, Karani, Mwenyekiti na mimi. Mwenyekiti alikuwa amekunja uso.

"Binti, umenifanya mwongo mbele ya Bunge zima."

"Hukudanganya, mheshimiwa. Ulisoma nilichokuandikia."

"Na kwa nini ukaandika hivyo?"

Nilikuwa na visingizio vya kutosha. Fomu ni finyu, watu walikuwa wengi, ukumbi ulikuwa na joto. Nikaviacha vyote.

"Nilijiamini kupita kiasi," nikasema. "Nilidhani najua walichotaka kusema kuliko wao wenyewe."

Nikawasha kinasa sauti. Sauti ya mama mdogo ikajaa chumbani, na ilipofika pale pa kukoroma, mdomo wa Mwenyekiti ukacheza. Tulisikiliza wa pili, wa tatu, wa kumi. Alipoinua mkono nizime, uso wake ulikuwa umelainika.

"Huyo mama alipima kweli?"

"Ni fundi cherehani. Hakati hata kiraka bila kupima."

Akafunga vifungo vya koti. "Uwanjani, mwamuzi akikosea ana ruhusa ya kubadili uamuzi maadamu mpira haujaanza tena. Spika hajahoji bado, sivyo?"

"Hajahoji," Karani akasema.

Tuliporudi, Mwenyekiti aliomba kuiondoa ripoti yake. Alisema waziwazi kwamba haikubeba maneno ya wananchi, na kwamba Kamati itarudi kuwasikiliza palepale penye njia. Hakunitaja. Hakuna aliyepiga meza. Juu kule mama mdogo aliketi polepole, akaikunja futikamba yake. Mimi nikaandika kila neno la Mwenyekiti, hata alipojikwaa.

Barua ya onyo niliipata kesho yake, ukurasa mmoja, saini ya Kanuni. Ilisema muda wangu wa majaribio umeongezwa miezi sita. Niliisoma, nikaiweka kwenye droo, kisha nikachukua rula nikachora fomu mpya yenye safu ya tatu. Kanuni aliipitia, akaniambia niipanue.

Alhamisi Kamati ilikuja mtaani. Watu hawakuwa sitini na watatu tena. Niliacha kuhesabu walipopita mia. Mafundi wa ramani walitandaza makaratasi yao juu ya boneti ya gari, wakaanza kutueleza vipimo. Mama mdogo hakuwa na haja ya vipimo vya watu. Alimwita Mwenyekiti kwa kidole, kama anavyomwita mteja aliyechelewa kuja kujaribu suti, akamkabidhi ncha ya futikamba.

"Shika hapo, mheshimiwa. Chini kabisa, kwenye ukingo."

Mwenyekiti akachuchumaa na koti lake zuri, akabana ncha ile ardhini kwa vidole viwili. Mama mdogo akaanza kurudi nyuma kuelekea ukingo wa pili. Utepe ulipoisha, aliweka alama kwa kisigino, tayari kuanza upya.

"Nimwachie?" Mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini.

Mama mdogo alisikia. "Usiachie mpaka nikwambie!"

Watu wakaangua kicheko, na Mwenyekiti naye akacheka, lakini vidole vyake havikusogea. Nikageuza ukurasa, maana ule wa kwanza ulikuwa umejaa, nikaandika hilo pia, neno kwa neno.