Tazama Ukindu

Dada yangu Eustadia ni daktari bingwa wa akina mama, na tangu utoto hajawahi kufeli mtihani, jambo lililonichosha sana mimi mdogo wake. Kwa hiyo aliporudi Nyaishozi kwa likizo ya wiki moja akisema roboti imemfelisha, nilicheka. Kisha nikaona analia, nikafunga mdomo.

Alikuwa amekwenda kusomea upasuaji wa roboti. Huko, daktari huketi pembeni, macho kwenye skrini, akiongoza mikono ya roboti inayomshona mgonjwa tumboni. Wanafunzi walikuwa bado wanashona mpira wa mazoezi. Kila Eustadia akikaza uzi, unakatika.

"Vero, mashine haina hisia," aliniambia. "Uzi unakaza, mkono haujui. Nimebakiza jaribio moja tu. Nikishindwa, ndiyo basi."

Mama alikuwa barazani akishona kikapu cha ukindu, kichwa kakiinamisha. Kwetu mshonaji hufundishwa kumtazama anayezungumza naye na kuviachia vidole kazi. Mama mwenyewe alitufundisha hivyo kwa makofi. Lakini miaka miwili hii alikuwa hamtazami mtu. Wageni walinung'unika, na mimi nilidhani amenichoka.

"Eustadia, njoo ushone," alisema.

Dada akashika ukindu, akamtazama Mama usoni kwa adabu, akavuta. Ukakatika.

"Usinitazame mimi! Tazama ukindu. Kabla haujakatika hupauka pale unapojikunja. Ukipauka, acha."

"Mama, umejuaje?"

"Vidole hivi havisikii kitu tangu mwaka juzi, nashona kwa macho. Sukari imevimaliza."

Tulikodoa macho, daktari na mimi ninayekula ndizi anazomenya kila siku. Niliona aibu.

"Kwa nini hukusema?" Eustadia aliuliza.

"Mngeninyang'anya kisu."

Kesho yake Eustadia alimpeleka hospitali, dawa zikabadilishwa. Siku zilizobaki walishona pamoja, na kila dada alipoinua macho Mama alimpiga kibao mkononi, bingwa mzima. Niliwapenda wote wawili.

Siku ya mtihani simu iliita, nikaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo Mama. Nimefaulu! Nimetazama uzi tu. Haukukatika hata mmoja."

"Marahaba, mwanangu," Mama alijibu, macho kwenye kikapu.

Nikamwambia, "Mama, nilidhani umenichoka."

Akauweka ukindu chini, akanitazama.