Taa Ndani ya Filta

Pale machimboni kulikuwa na fundi waliyemwita Mzee Taa. Kila filta ya hewa iliyotoka kwenye mashine aliipuliza kwa upepo mdogo wa kompresa, kutoka ndani kwenda nje, kisha akaingia nayo stoo, akafunga mlango, akatumbukiza balbu tumboni mwake na kuizungusha taratibu gizani. Nuru ikipenya hata tundu la sindano, filta hiyo haikurudi kazini. Madereva walimtania mlangoni kama mkunga apimaye mimba, "Mzee, ni wa kike au wa kiume?"

Mwaka huo hakutupa hata moja. Alisema siku hizi karatasi za filta ni imara.

Kisha katapila kubwa likaanza kutoa moshi na kupungukiwa nguvu, na asubuhi moja likagoma kabisa mbele ya lundo la kokoto. Walipolifungua, bomba la hewa lilikuwa na vumbi laini ndani, kama unga. Injini imeliwa. Msimamizi hakuhangaika kutafuta mchawi. Dereva wa katapila hilo alikuwa na mkono mzito. Kila mtu alishamwona akigonga filta kwenye mnyororo wa katapila ili kuikung'uta, na alikatazwa mpaka waliomkataza wakachoka. Akaambiwa arudishe kofia ya kazi kabla ya jioni.

Dereva huyo alikuwa mkwe wa Mzee Taa.

Mchana binti yake akaja, mtoto mgongoni. Hakulia. Alitaka baba yake amwombee mumewe, maana mahali pengine pa kazi hawakupajua. Mzee akamwingiza stoo kwa furaha kidogo. Filta ya katapila hilo aliipima mwenyewe kabla ya kuirudisha, akamweleza, na ilikuwa nzima. Kama bado ni nzima, vumbi limepita kwingine, na mumewe hana hatia. Akafunga mlango, akawasha balbu, akazungusha. Giza tupu.

"Umeona?" akasema. "Nzima."

Binti akasogea karibu.

"Baba, mbona imejaa matundu?"

"Wapi?"

Akamshika kidole, akakiweka juu ya nuru ambayo mzee hakuiona. Kidole kikapapasa mpasuko mdogo, kingo zake zimeganda vumbi gumu. Haukuwa wa jana. Akakisogeza pengine, na pengine tena. Hapo mzee akakaa juu ya debe. Akazikumbuka filta zote alizozipitisha mwaka mzima, huku akijisifu.

"Mimi sitamwambia mtu," binti akasema.

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi akasema macho yake yamekwisha, na kwamba filta mbovu ameirudisha yeye. Msimamizi alisikiliza akitazama chini. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: dereva akarudishiwa kofia na kupewa mashine nyingine, na mzee akaombwa ufunguo wa stoo. Balbu aliiacha juu ya meza.

Alitoka na binti yake. Walipofika getini, nyuma yao kukasikika chuma kikigongwa. Kong. Kong. Kong. Mtu alikuwa anakung'uta filta kwenye mnyororo, kwa mkono mzito.

Mzee alisimama. Sauti hiyo haikuhitaji macho.

Binti naye alikuwa ameisikia. Alimkaza mtoto mgongoni, akamshika baba yake kiwiko.

"Angalia jiwe, baba," akasema. "Twende."