Kikombe cha Mama Kagure

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia. Mama Kagure hata hajabisha hodi, Wachuka alikuwa ameshaisikia ikipenya chini ya mlango, harufu ya majani yaliyopondwa na kuchemshwa mpaka yakachoka, kama nyasi iliyosahauliwa ndani ya gunia wakati wa mvua. Akameza mate, akautengeneza uso, akasema karibu.

Watu wa Kiriaini wamelima majani chai miaka na miaka, na hakuna hata mmoja wao anayeyanywa yakiwa mabichi. Jani linachumwa, linapimwa kituoni, linapanda lori, mambo yamekwisha. Chai ni ile inayorudi kutoka dukani ikiwa nyeusi, ndani ya pakiti, ikachemshwa na maziwa mpaka itake kumwagika jikoni. Chai isiyo na maziwa hunywewa siku ambayo ng'ombe amekauka, na hata hiyo siku watu huinywa wakinung'unika. Sasa mtu akuletee maji mazito ya kijani, yenye povu pembeni na makapi yanayoelea, halafu akuangalie machoni akuambie hiyo ni chai!

Lakini Mama Kagure alikuwa ameona video kwenye simu. Jamaa mmoja mwenye koti jeupe, ambalo Mungu tu ndiye anayejua alilitoa wapi, alikuwa amesema majani mabichi ya chai yana dawa inayoua seli za saratani, akaonyesha na picha ya seli zikisinyaa moja baada ya nyingine. Na Wachuka, mwalimu mstaafu wa sayansi, alikuwa na saratani ya uboho, ile inayokula mifupa kutoka ndani. Alikuwa anapelekwa Nyeri kuchomwa sindano. Basi Mama Kagure akaacha kuuza majani yake bora, yale machanga ya majani mawili na chipukizi. Aliyaponda kwenye kinu, akayachemsha, akayamimina ndani ya chupa ya chai na kuvuka bonde kwa miguu. Siku hiyo, na kesho yake, na kila siku iliyofuata.

Wachuka akawa anakunywa. Angefanya nini? Kagure, binti wa mama huyo, ndiye aliyeolewa na Mwai, mwana wa Wachuka, na wazee wa pande zote mbili walikuwa bado hawajamaliza maneno ya mahari. Huku kwao mkwe huheshimiwa karibu na kuogopwa. Anachokupikia mkwe hukirudishi, maana ukikirudisha umemrudisha yeye mwenyewe, na habari itafika kwa wazee kabla sufuria haijapoa. Mama Kagure naye hakuwa mtu wa kuacha chupa akaenda zake. Aliketi, mikono mapajani, akatazama mpaka kikombe kikauke.

Kinywaji kilikuwa kinyaa kitupu. Kilikuwa na utelezi, kilikwaruza koo, kilishika meno kama utando, na kwa mtu ambaye sindano tayari zilikuwa zinamtia kichefuchefu, kila funda lilikuwa vita. Lakini kilichomchukiza zaidi ni yeye mwenyewe. Alifundisha watoto wa watu kuuliza ushahidi uko wapi, na sasa alikuwa anameza takataka kwa sababu ya adabu. Na kila alipomaliza alifuta mdomo, akatabasamu, akasema maneno yale yale, "Asante Mama Kagure, naskia inanisaidia." Mkwe akaenda zake akiwa amefurahi, naye Wachuka akakimbilia nyuma ya nyumba kutema mate.

Kule Nyeri, Sapna ndiye aliyemuuliza. Sapna alikuwa mfamasia wa kliniki, msichana wa ile familia ya Kihindi inayouza vitambaa mjini tangu wakati wa babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa na Kikuyu kingi ndani kuliko cha wenyeji wengine. Vipimo vya damu havikuwa vinashuka walivyotarajia. Alitaka kujua kama kuna kitu chochote Mwalimu anatumia nyumbani. Wachuka akaeleza kwa aibu, macho yakiwa sakafuni, kama mtoto aliyekutwa anakula udongo.

Sapna hakucheka. Alimweleza kwamba yule mtu wa video hakusema uongo wote. Ni kweli kuna kemikali katika majani mabichi, zinaitwa katekini, na kwenye maabara zikimwagwa juu ya seli za saratani, seli nyingi hufa. Lakini hizo ni seli zilizo ndani ya sahani, tena zinamwagiwa dawa nyingi kuliko inayoweza kufika kwenye damu ya mtu kwa kunywa vikombe. Mwili wa mtu si sahani. Kisha akashusha sauti.

"Na kwa hii sindano yako kuna ubaya mwingine, Mwalimu. Kwa maabara, na kwa panya, hiyo kemikali imeonekana ikiikamata dawa kabla haijafanya kazi. Siwezi kusema ndiyo imekuharibia. Lakini pia siwezi kusema haijakuharibia. Hiyo chai wachana nayo kabisa."

Wachuka alirudi nyumbani akiwa na hasira. Maumivu yote yale, kutapika kote kule, pengine dawa imekuwa ikifungwa mikono na kikombe cha mkwe.

Ndiyo maana siku iliyofuata, harufu ilipoingia na mwenyewe akaingia nyuma yake, Wachuka alipiga moyo konde. Mama Kagure alimimina, akasukuma kikombe mezani. Wachuka akakirudisha upande wake.

"Mama Kagure, unisamehe. Hii siinywi tena."

Akamweleza yote aliyoambiwa na Sapna, sahani, panya, sindano, bila kupumzika, kwa sababu angenyamaza kidogo tu angekosa nguvu ya kuendelea. Mama Kagure alisikiliza bila kubadilisha uso. Wachuka alingoja anune, asimame, achukue chupa yake na kwenda kuwaambia wazee.

Badala yake mwanamke huyo alikichukua kikombe akakinywa. Hakuonja tu. Alikinywa chote, koo likipanda na kushuka, na Wachuka, ambaye kila funda la hicho kitu lilimtoa machozi, aliukodolea macho ule uso akisubiri ukunjike. Haukukunjika hata kidogo. Hakuna mtu anayekinywa kitu hicho namna hiyo mara ya kwanza.

"Mama Kagure, wewe umekunywa hii kitu tangu lini?"

"Kabla yako."

"Kwa nini?"

Mama Kagure akaangalia mlango, akavuta sweta pembeni, akaushika mkono wa Wachuka na kuupeleka chini ya kwapa, ubavuni mwa titi. Vidole vya Wachuka vikagusa kitu kigumu, kisichosogea, kikubwa kama mbegu ya avokado.

"Hospitali wamesema nini?"

"Sijaenda. Hata Kagure hajui." Akafunga sweta, kifungo kimoja kimoja. "Mimi niko na uoga ya kukatwa. Nikasema ngoja kwanza nione kwako. Ikikuponya wewe, basi na mimi nitajua inaponya." Akamtazama Wachuka bila lawama, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Na si kila siku uliniambia ati inakusaidia?"

Wachuka alihisi ladha ya kijani ikimpanda kooni, na siku hiyo hakuwa amekunywa hata tone.