Vikombe vya Wahasibu

Chumba cha wageni nyumbani kwa mwanangu kina kitanda kimoja, na ukilala chali miguu inagusa kabati. Tukafika mabibi wawili. Mimi nilishuka basi la asubuhi na begi langu na mto wangu, maana mto wa mtu mwingine unaniumiza shingo. Mama yake mke wa mwanangu akashuka basi la mchana, naye kabeba mto wake. Tulipokutana sebuleni tulikumbatiana na kujuliana hali, mito ikiwa katikati yetu.

Mke wa mwanangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, imefika pale ambapo mtu hujishika kiuno kabla ya kuinuka. Kila mmoja wetu alikuwa amekuja kukaa naye mpaka mtoto azaliwe na shingo yake ikaze. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshaaga mtaa mzima, hata muuza mkaa nilimwambia asinitegemee kwa miezi kadhaa. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawakuwahi kuona mabibi wawili wa mjukuu mmoja, wangewaacha fahali wapumzike.

Huyu mzazi mwenzangu kwao wanamwita Bi Kufuli, na si kwa sababu ya mlango. Neno kwake halitoki bila ufunguo. Mimi kwetu watoto wananiita Bi Tega, kwa kuwa siwezi kuwapita bila kuwategea kitendawili. Sasa tuweke sebule moja. Tulipokezana kitanda na kochi, na kila alfajiri tulishindana kufika jikoni. Mke wa mwanangu akawa anakula kifungua kinywa mara mbili, kwa adabu.

Mwanangu ni mpole. Mpole maana yake ni mtu anayelipia matatizo yake yatatuliwe mahali pengine. Akatuambia tumesafiri mbali kote huku kuja kuangalia masufuria tu, haifai, twende na sisi tukatembee kama watalii. Alikuwa ametulipia darasa la kuchora vyombo vya udongo, la watu ambao hawajawahi kushika brashi, na kinywaji juu yao. Yeye na mkewe wangekwenda kliniki, kisha watupitie. Alipotushusha mlangoni akatushika mikono wote wawili, akatoa lile alilokuwa amelificha njia nzima.

"Mama zangu, chumba ni kimoja. Mkubaliane wenyewe nani anabaki. Tukija kuwachukua mtuambie."

Akarudi garini haraka, kama mtu aliyewasha fataki.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye meza moja iliyotandikwa magazeti. Mwalimu wa rangi alikuwa mwanamke wa makamo, aproni yake ina rangi nyingi kuliko kuta zake. Akampa kila mtu kikombe cheupe kisichong'aa, kikavu, ukikishika kinakwaruza kidole kama chaki. Alieleza kwamba udongo ule umeshachomwa mara moja, sisi kazi yetu ni kuchora, mengine atafanya yeye, na mwisho kikombe kitaingia tena katika tanuri la umeme. Alisema tusiogope, hapa hakuna kukosea.

Wanafunzi wenzetu walikuwa wasafiri pia: bwana na bibi waliotoka kuoana, na mzee mmoja mwenye kofia aliyechora samaki bila kumsemesha mtu. Mimi nilichukua soda ya tangawizi. Bi Kufuli akaomba mvinyo mwekundu, akasema ni kwa ajili ya tumbo. Baada ya muda tumbo likaomba mwingine.

Nilichora jua. Lilitoka kama yai lililopasukia sakafuni. Bi Kufuli alichora mistari mitupu, imenyooka kama nondo za dirisha.

Basi tukaanza kukubaliana, yaani nilianza mimi. Nilimwambia yule mtoto tumboni ameshauzoea mkono wangu. Bi Kufuli akachora mstari. Nikamwambia nimelea watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na matege. Akachora mstari mwingine. Nikaona maneno ya kawaida hayapenyi.

"Kitendawili," nikasema.

Akapiga funda moja. "Tega."

"Wawili si ndugu, lakini wanagombania damu moja."

Nilitaka ajibu kwamba ni sisi, bibi wa upande wa baba na bibi wa upande wa mama. Hapo ningepata mlango wa kuingizia hoja zangu. Alifikiri mpaka akamaliza mstari wake.

"Mbu," akasema.

Sikuweza kusema amekosa.

Mwalimu akatangaza kwamba rangi inataka kupumzika kabla ya mkono wa pili, twende uani na vinywaji vyetu tupunge upepo. Wenzetu wakatoka. Sisi hatukutoka, kwa sababu Bi Kufuli alikuwa ameona kitu. Kando ya sinki palikuwa na sinia lililojaa vikombe, na kila kikombe kimegandwa na utando mweupe ndani na nje, mithili ya uji ulionywewa jana na mtu asiyefunzwa.

"Vimelala hivi," akasema Bi Kufuli.

Nilisikia aibu kana kwamba ni nyumbani kwangu. Mwanamke wa watu anafundisha peke yake, anamimina vinywaji peke yake, vyombo vitaoshwa na nani? Bi Kufuli akakunja mikono ya gauni. Na mimi ningefanyaje? Nikae na soda yangu huku mzazi mwenzangu anaosha vyombo? Habari hiyo ingemfikia mwanangu kabla ya jua kuzama. Nikashika taulo na kusogea upande wa kusuza.

Utando ulitoka kirahisi. Chini yake kulikuwa na madoa ya rangi, mekundu, ya kijani, ya buluu. Bi Kufuli akauliza watu wa huku wanakunywa vitu gani. Tukasugua na madoa.

Sijui ni mvinyo au ni maji ya moto, lakini pale sinkini kufuli ikalegea. Aliongea bila kuniangalia, sponji inazunguka ndani ya kikombe.

"Mimi huyu binti nilimzaa peke yangu. Mama yangu alikuwa ameshakufa. Nilikuwa naita, hakuna wa kuitika. Nikasema, wakati wake ukifika, nitakuwa pale."

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa tangu tushushwe mlangoni. Nikakisuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshasuzwa.

Mwalimu aliporudi alikuta vikombe vimepangwa kifudifudi juu ya taulo, vyeupe kama vilivyozaliwa. Akasimama. Kisha akauliza, taratibu sana, vile vilivyokuwa kwenye sinia viko wapi. Bi Kufuli akamwonyesha, na akamwambia hana haja ya kushukuru.

Hapo ndipo tulipofundishwa somo ambalo halikuwamo katika darasa la wanaoanza. Ule haukuwa uji. Kikombe kikishachorwa huchovywa katika maji mazito ya kung'arisha, na yakikauka hufunika mchoro wote kwa unga mweupe. Moto ndio unaougeuza unga ule kuwa kioo, na mchoro ukaonekana tena. Vikombe vile vilikuwa vya wahasibu wa ofisi fulani. Walikuja jana baada ya kazi wakachora kila mtu chake, zawadi ya kumuaga mkuu wao anayestaafu. Tanuri lilikuwa liwashwe jioni hiyo.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikwenda mezani akajimiminia kile alichokuwa anakunywa Bi Kufuli.

Salama yetu ilikuwa simu yake. Kumbe ana desturi ya kupiga picha kila kikombe kabla ya kukichovya. Akatuwekea picha zile mezani, akavikausha vikombe kwa mashine ya kukaushia nywele, akasema tuchore upya, kama vilivyokuwa, na tusiongeze akili yetu. Wenzetu wakamaliza vyao, wakaaga, wakaondoka. Yule mzee wa samaki alipita nyuma yetu, akatazama, akavua kofia.

Nakuambia, kuchora vizuri ni kazi, lakini kuchora vibaya kama mtu mwingine alivyochora vibaya ni kazi mara mbili. Mhasibu mmoja alikuwa amechora ua lililolala kama limepigwa. Nililichora likasimama, mwalimu akanifutia, nikalilaza. Mwingine alikuwa na mbwa anayefanana na benchi. Bi Kufuli alitaka kumnyoosha miguu, mwalimu akamkataza, akasema mwenyewe anamjua hivyo hivyo. Bi Kufuli akamchora benchi lake, ila nilimwona anaumia.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo mwanangu na mkewe walipoingia. Mwalimu akawasimulia kwa kifupi. Mwanangu alitazama vikombe, akatutazama sisi, akauliza ni nani aliyeanza.

Nilikuwa na jibu mdomoni, na lilikuwa la kweli. Bi Kufuli ndiye aliyeona, Bi Kufuli ndiye aliyekunja mikono. Ningelitamka tu, chumba kingekuwa changu, maana nani anamwachia mtoto mchanga mtu wa kuosha kila anachokiona? Lakini Bi Kufuli hakunisubiri.

"Nimeosha mimi," akasema.

Sasa hapo kuna kitu kilinichoma. Namna alivyolisema, ungedhani mimi nilikuwa nimekaa nimekunja nne na soda yangu.

"Umeosha wewe?" nikamwambia. "Na hayo madoa ya ndani kwenye mishikio aliyatoa nani? Wewe ulikuwa unapitisha povu tu."

"Ulikuwa unasuza."

"Kusuza ndiko kuosha, mzazi mwenzangu. Povu hata mtoto anapiga."

Tukaendelea hivyo kidogo. Mwalimu akasema miaka yote aliyofundisha ameona watu wanakana makosa yao, hajaona wawili wanaonyang'anyana kosa. Mwanangu akakaa chini bila kutafuta kiti, kikapatikana kwa bahati.

Wakati huo mke wa mwanangu alikuwa ameshanipita. Alinipa shikamoo kwanza, ameinama na tumbo lake lote, nikamwitikia. Kisha akaenda kukaa karibu na mama yake, akavuta kiti kingine, akainua miguu yake miwili iliyovimba akaiweka juu ya mapaja ya mama yake. Hakusema samahani. Na Bi Kufuli, huku anabishana nami habari za povu, akamvua viatu mtoto wake na kuanza kumkanda kisigino, wala hakuangalia chini.

Nikaachana na povu. Tangu nifike nyumbani kwao, kila nikiingia sebuleni yule binti alikuwa anainuka. Nikikaa, anakaa wima. Nikimwambia pumzika, anaitikia "ndiyo mama" na kwenda kunitafutia mto wa kuegemea mgongo. Nilikuwa naita heshima, nami nilifurahi nayo, nikamsifia kwa jirani zangu kwa simu. Ila mtu aliyetoka kujifungua atainuka mara ngapi kwa siku kwa ajili ya mama mkwe wake? Ningekuja kumsaidia, awe ananihudumia na kidonda chake.

Nilichovya brashi. Nikamaliza jani moja la lile ua lililolala.

"Anabaki mama yake," nikasema. "Mimi nitarudi nyumbani."

Mwanangu aliuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sijakasirika, nimeangalia tu. Akauliza nimeangalia nini, nikamwambia aangalie na yeye, macho nilimzaa nayo. Mke wa mwanangu akaanza kusema "lakini mama," akaondoa miguu ili ainuke. Nikamwambia arudishe miguu. Nilimwambia kwa ukali, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumkaripia.

Bi Kufuli hakunishukuru. Alihamia kisigino cha pili. Mwishowe akasema, kama anayezungumza na kidole gumba cha mtoto wake:

"Mjukuu akianza kukaa mwenyewe, uje wewe. Mimi wakati huo nitakuwa nimechoka."

Kwa mtu kama yeye, hiyo ni hotuba. Nikamwambia nitakuja akianza kukaa, na kwamba watu wa kwangu huwahi kukaa. Akasema wa kwao huwahi zaidi. Tukaliacha hapo.

Nikaanza kuwaza nitamwambia nini muuza mkaa. Muuza mkaa ni mtu wa maswali.

Vikombe vilikuwa bado vimebaki, na tanuri linasubiri. Bi Kufuli hakuweza tena kuchora, mapaja yake yalikuwa na kazi nyingine, na kikombe kilichokuwa mbele yake kilikuwa na paka mwenye macho upande mmoja. Nikakivuta kwangu. Akawa ananielekeza kwa sauti ya chini, hapa jicho, hapa jicho tena, usimnyooshe. Mwanangu akashikishwa mashine ya kukaushia. Baada ya muda mwalimu alimwonyesha kwa mkono aizime, kwa sababu ya yule aliyelala.

Mkwe wangu alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kimening'inia pembeni ya kiti, anakoroma kama mwanamume aliyepakua magunia. Miaka yote tangu aingie katika ukoo wetu sikuwahi kumsikia. Hata mumewe alionekana kushangaa. Tukaendelea na paka.