Gumba la Mama Maua

Mama Maua, mwenye duka ninapofunga mashada, alilamba kidole gumba, akakiingiza katikati ya ua na kulifumbua kwa nguvu. Petali zake nyeupe zikabaki zimelowa mate. Akalichomeka kwenye shada la bibi harusi, akalamba tena.

"Shangazi yako ameniletea maiti," alisema. "Ona, yote yamejifumba! Akirudi hapa nitamtimua yeye na ndoo yake."

Ukucha wake ulikuwa mweusi kwa uchafu wa chini ya ndoo, ule unaoteleza kama kamasi. Na shada hilo bibi harusi angelipeleka puani.

Shangazi ndiye aliyenilea. Maua hayo huyafuata kwa miguu, mlimani juu kwenye baridi, akarudi magoti yamevimba. Kwetu tunayaita mwamka-na-jua. Mama Maua ameyaandikia kadi, "Malkia wa Theluji", eti jina letu linanuka moshi. Angelisikiliza jina hilo lingemweleza kila kitu. Ameyafungia stoo, gizani, tangu jana. Yamwamkie nani?

Mimi si msemaji. Mteja akinisalimu, najibu huku nikitazama kandambili zangu. Nilitaka kumeza mate, mate yenyewe yakanikinaisha.

"Mama, hayajafa. Yamelala tu."

"Umesemaje?"

Nilibeba ndoo hadi mlangoni, juani, nikachuchumaa kando yake.

"Haya, yabembeleze basi!" alicheka.

Alipomaliza kikombe cha pili cha chai, ua moja lilikuwa limefunguka. Kisha mengine, meupe, njano katikati. Mama Maua alisimama nyuma yangu, akakohoa.

"Mwambie shangazi yako kesho alete ndoo mbili."

Moyo ulitulia. Hapo bibi harusi akaingia.

"Jamani, mazuri hayo!"

"Yanataka mkono unaoyajua, mwanangu," alisema Mama Maua, akimpa lile shada la kwanza.

Msichana wa watu akalinyanyua kulinusa. Sijui nilitoa wapi nguvu. Nililinyakua, nikalitupa kwenye pipa.

"Limepakwa mate, dada. Subiri nikufungie jingine."

Bibi harusi alimgeukia Mama Maua. Mama Maua akaficha gumba ndani ya ngumi.

Nilinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, nikavuta ndoo ya shangazi karibu.