Kidhibiti cha Taa ya Kijani

Nisikilizeni, maana moyo bado wanidunda! Nilipoviweka vile visanduku viwili juu ya mkeka, kaka yangu Harith aliruka akakishika kile kizito, akakipima mkononi.

"Hiki ndicho, Sumeiya. Chuma hiki!"

"Wachagua kidhibiti au wachagua tikiti maji?"

Muuzaji wa Mombasa alikuwa ametuletea viwili, tubaki na kimoja. Kidhibiti unakiandikia amri, nacho kinawasha na kuzima vifaa bila mtu kusimama pale. Vyetu vilikuwa pampu ya hewa, vali ndogo za maji na taa moja, vyote vya volti ishirini na nne, kwa ajili ya matangi ya kamba mawe hapa Kizingitini. Wavuvi huleta kamba hai, na baba huwatunza mpaka mnunuzi aje. Kamba akikosa hewa, basi tena.

Siku zote hewa hutoka kwa jenereta. Lakini Ijumaa jenereta huzimwa, kwa sababu tumepakana na msikiti, na nani atasikia hotuba kwa makelele yale? Huzimwa mpaka dua iishe. Mimi hubaki nikichota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Baba, Bwana Jeilani, hatulii. Imamu akitoa salamu ya kumaliza sala tu, baba huyo, mbio, viatu mkononi! Watu wote wamcheka.

"Baba, si nipo mimi?"

"Kamba wa watu ni amana, mwanangu. Lazima niwaone kwa macho yangu."

Wanaocheka hawajui. Tangu mama afariki, baba humpa imamu jina lake kila Ijumaa lisomwe pamoja na ya marehemu wengine, watu waitikie. Jina husomwa baada ya sala. Yeye wakati huo yuko huku na ndoo. Hajawahi kulisikia hata mara moja, na jambo hilo laniuma mno.

"Chako kizito chala umeme wa jenereta," nikamwambia Harith. "Jenereta ikizimwa, nacho chazimika! Mlinzi alala saa ile ile mwizi ajapo. Hiki chepesi chala volti ishirini na nne, moja kwa moja kwenye betri zetu mpya za sola, sawa na vifaa vyenyewe."

"Njia zake za kutoa umeme ni dhaifu. Vali na taa, sawa. Pampu itakiunguza."

Hapo alisema kweli, na nikamwambia, ingawa roho haikupenda. Tukabaki na chepesi, tukaweka katikati relei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, kidhibiti kiiamrishe relei, relei ibebe mzigo wa pampu. Taa ya kijani tukaitundika ukutani, mkabala na dirisha la msikiti. Itawaka tu ikiwa hewa yafika majini kweli.

"Ukishatoa salamu, tazama dirishani," nikamwambia baba. "Si ndani ya sala!"

"Ewe, wanifundisha dini?" Lakini alicheka.

Ijumaa ikafika. Harith akazima jenereta, wakaenda zao. Kimya. Pampu haikulia, taa haikuwaka. Ya Rabbi, tumekwisha! Nikarukia ndoo. Kumbe ni mimi mwenyewe niliyekiamuru kisubiri kidogo, kihakikishe jenereta imezimwa kweli. Tak! Relei ikaitika, mapovu yakapanda tangi zima, na taa ikawaka kijani ya kupendeza. Nikapiga kigelegele! Kisha nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, maana imamu alikuwa ndiyo kwanza aanza hotuba.

Salamu ikatolewa. Nikauangalia mlango wa msikiti. Hakutoka mtu. Dua ikaisha, ndipo watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, Harith akiwa mbele, ameinua kidole gumba, kana kwamba ni yeye aliyekichagua kile kidhibiti chepesi. Baba simwoni. Wakapungua mpaka kizingiti kikabaki kitupu.

Akatoka wa mwisho, amevaa viatu vyake sawasawa, akija taratibu. Akapita matangi bila kuyatazama, akasimama mbele yangu, macho yamelowa.

"Wamemtaja Mwanamkisi," akasema. "Nami nimeitikia amina."