Skatingi za Nyumba ya Umoja

Benta Apondi alipokabidhiwa ufunguo wa nyumba yake katika mtaa wa Umoja, mwaka wa 1981, alizunguka sebule na vyumba viwili vya kulala akiwa ameinama. Hakutazama dirisha wala dari. Alikuwa akitazama chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, na alichokiona hakikumpendeza. Plasta iliishia kidole kimoja juu ya sakafu, na kila ufagio ulipopita mchanga ulidondoka.

Kwa miaka kumi na minne, yeye na mumewe Zedekiah, karani wa reli, walikuwa wameishi katika chumba kimoja kwenye nyumba za reli kule Muthurwa, pazia likitenganisha kitanda na jiko. Kabla ya kuolewa Benta alisafisha ofisi za wakubwa wa reli, kwa hiyo skatingi alizijua vizuri: zile mbao nyembamba zinazozunguka chumba chini ya ukuta. Alizipiga nta kila Ijumaa. Sasa alitaka za kwake.

Zedekiah alikubali, ila alitaka ziwe za mvule, kama za wakubwa. Kisha akapelekwa Voi kikazi kwa wiki tatu, akaagiza kitu kisiguswe hadi arudi. Lakini kina mama wa kanisa walikuwa wameshapanga kuja kuiombea nyumba Jumamosi ileile ya kurudi kwake, na Benta hakutaka waketi huku mchanga ukiwadondokea nyuma ya viti.

Alimwendea Nyamai, Mkamba aliyekuwa na banda karibu na soko la Gikomba. Nyamai alikuwa mchongaji wa vinyago, lakini watalii walipopungua alifanya pia kazi za useremala. Alikuja na futi yake, akapima, akachuchumaa. Halafu akamweleza Benta kwamba ukuta wa sebule ulikuwa na tumbo katikati, kama mtu aliyeshiba. Mvule haungekubali kupinda hivyo. Ungeacha mwanya wa kupita panya. Kulikuwa na hadibodi nene, inayotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa, ambayo ingeufuata ukuta. Ila yeye mwenyewe hakuipenda. Alisema ni uji wa mbao uliokauka, na ukigusa maji tu unavimba.

Benta akamwomba vipande viwili. Kimoja alikiacha kitupu. Cha pili alikipaka rangi ya mafuta mara mbili, mbele, nyuma, na hasa kwenye kingo zilizokatwa. Akaviegemeza ukutani, na kila asubuhi alipopiga deki hakuvionea huruma. Siku ya sita kile kitupu kilikuwa kimefura kama mkate. Kile cha rangi kilikuwa vilevile. Alivitia kikapuni, akaenda navyo hadi bandani na kuviweka mbele ya Nyamai. Fundi akavigeuza, akavibonyeza kwa ukucha.

"Umepaka na nyuma?" akauliza.

"Unyevu unatokea huko nyuma, fundi. Ukuta mpya haujakauka."

Nyamai akacheka. Akamwambia kwamba kwa miaka ishirini hajawahi kufundishwa kazi na mwenye nyumba, na kesho saa mbili atakuwa mlangoni. Wakakubaliana kwamba jikoni, kwenye maji mengi, wapige saruji tu.

Kazi ilichukua siku tatu. Nyamai aliuviringa ukingo wa juu wa kila ubao kwa randa, na Benta akazipaka mbao rangi uani. Nyamai alitoboa ukuta kwa tindo, akajaza matundu kwa vigingi vya mbao, kisha akapigilia misumari humo. Pale kwenye tumbo la ukuta Benta aliukandamiza ubao kwa goti, na ubao ukaufuata ukuta taratibu, bila kulia.

Taabu ilikuwa kwenye kona. Nyamai alikata ncha mbili kwa mshazari, akazikutanisha, zikaachana. Akakata tena, zikaachana tena, kwa sababu kona yenyewe haikuwa mraba. Akaketi sakafuni amechoka. Benta akamletea chai na kumuuliza habari za vinyago, ili kumpumzisha. Nyamai akaanza kumweleza anavyounganisha pembe kwenye uso wa tembo wa mti: hapimi, bali huchora umbo la kimoja juu ya kingine, kisha hulifuata kwa kisu. Kabla hajamaliza akageuka kuitazama kona. Akaweka kikombe chini.

Aliusukuma ubao mmoja hadi mwisho wa kona, akachora umbo la uso wa ubao huo kwenye ncha ya ubao wa pili, akachonga. Zilipokutana hata wembe haungepita. Kona zilizobaki alizifanya huku akipiga mluzi.

Jumamosi Zedekiah aliwasili na sanduku lake kabla tu ya wageni. Alisimama mlangoni. Benta akaanza kueleza habari za mvule, tumbo la ukuta na unyevu. Mumewe akavua koti, akatambaa sebule nzima akipitisha kidole kwenye kila kona. Alipofika nyuma ya mlango akaketi palepale.

"Mama Aloo," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hii kona hata wakubwa hawakuwa nayo."

Benta akaketi kando yake, na kina mama walipobisha hodi waliwakuta wote wawili sakafuni wakicheka. Waliomba, wakaimba, wakala samaki. Nyamai naye alikuwa amealikwa, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Kina mama walimvuta kutoka kona moja hadi nyingine awaeleze. Alipoondoka jioni alikuwa ameandika kwenye kiganja, kwa penseli yake ya kazi, nambari za nyumba tatu.